Gundi ipi kwa kifaa kipi: kutengeneza vifaa vya kuzamia ukiwa Mbeya

Vifaa vya kuzamia haviharibiki vyote kwa siku moja. Nembo ya regyuleta, kile kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi, inabanduka, kiraka cha goti kwenye suti kinaanza kuachia pembeni, soli ya buti inafungua mdomo, pambo la plastiki kwenye mapezi ya miguuni linapotelea ziwani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomzuia mtu kuzamia Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, Jumamosi. Lakini vikiachwa vinakua, na maduka ya vifaa vya kuzamia yako pwani, Dar es Salaam na Zanzibar, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Kwa hiyo wengi tunaingia duka la vifaa vya ujenzi, tunaomba "gundi kali", na tunapewa supa gluu.

Ombi lenyewe ndilo lenye kasoro. Hakuna gundi iliyo kali kwa kila kitu. Ile inayoshika mpira wa suti hushindwa kwenye plastiki ngumu, na inayoshika plastiki ngumu hukatika ikiwekwa mahali panapojikunja. Huku nyanda za juu kuna jambo la pili ambalo maelekezo ya kwenye boksi hayaligusi: tunagundisha Mbeya, kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwenye baridi, halafu tunakwenda kutumia vifaa Ziwa Nyasa, chini ya mita 500, kwenye joto la Kyela. Gundi inayofanya kazi vizuri Januari inaweza kukuangusha Julai, na ile iliyokuangusha Januari ikawa nzuri Julai. Ulinganisho huu nimeupanga kwa mambo hayo mawili: kitu kimetengenezwa kwa nini, na hewa ya siku hiyo ikoje.

Kabla ya gundi yoyote

Kuna vitu havigundishwi, na hapa sitaki kuacha mlango wazi. Sehemu za ndani za regyuleta, hosi, oringi (pete ya mpira ya kuzuia kuvuja), vali ya mtungi na kioo cha miwani kilichopasuka vinabadilishwa au vinakwenda kwa fundi mwenye mafunzo ya kifaa hicho. Tochi inayoingiza maji haizibwi kwa gundi. Safisha oringi yake au nunua nyingine. Kipande cha mdomoni cha regyuleta kinashikwa na kamba ya plastiki ya kubana, na kamba ikikatika unafunga nyingine. Ukikigundisha, siku kikichanika utakitoa kwa kisu.

Kisha kuna eneo la mashaka: vitu vinavyoonekana ni urembo kumbe vina kazi. Pete ya mbele ya regyuleta ni mfano mzuri. Kwenye baadhi ya miundo pete hiyo ni pambo tu, ikidondoka hakuna kinachobadilika. Kwenye mingine ndiyo inayoshikilia kifuniko, na nyuma ya kifuniko kuna kiwambo kinachokupa hewa unapovuta pumzi. Ivue pole pole utazame. Kama kifuniko kinacheza baada ya pete kutoka, acha gundi, mtafute fundi. Kama kifuniko kimetulia palepale, endelea kusoma.

Suti na buti: gundi ya viatu, supa gluu au poliyurethani

Suti ndiyo inayoumia zaidi, na ndiyo yenye jibu lililo wazi kuliko yote. Kitambaa chake ni neoprini, aina ya mpira iliyojaa vipovu vya gesi. Ukishuka mita 10 shinikizo linakuwa karibu mara mbili ya lile la juu ya maji, vipovu vinabanwa, suti inakuwa nyembamba. Ukipanda inarudi. Mshono uliogundishwa unalazimika kufuata mwendo huo kila unapozama, mbali na kule kuvutwa wakati wa kuvaa na kuvua.

Supa gluu haiwezi kazi hiyo. Inashika ndani ya nusu dakika na inakupa furaha, lakini ikikauka inakuwa mstari mgumu kama ukucha. Mpira unajikunja, mstari haujikunji, na ufa mpya unafunguka milimita chache pembeni ya ule wa kwanza. Kingo zake pia zinakwangua ngozi kwenye kwapa na nyuma ya goti. Kuna watu wanaitetea kwa sababu ya haraka, na ninawaelewa kama wako ufukweni na mashua inasubiri. Kwa mtu aliyeko nyumbani na ana siku mbili mbele yake, sioni sababu.

Gundi ya viatu, ile nzito ya njano wanayotumia mafundi, ndiyo ninayoiweka juu. Zile nzuri zimetengenezwa kwa neoprini iliyoyeyushwa, yaani ni ndugu wa suti yenyewe, na zikikauka hubaki laini. Zinapatikana kila soko, kuanzia Mwanjelwa hadi Tukuyu na Kyela mjini, na ukitaka kidogo tu fundi atakupimia kwenye kopo lake.

Ubaya wake ni kwamba inataka subira, na watu wengi hukosea hapo. Safisha pande zote mbili kwa spiriti, acha zikauke kabisa. Paka nyembamba kila upande, subiri, kisha paka tena. Sehemu yenye kitambaa cha nailoni hunywa mpako wa kwanza wote, kwa hiyo usishangae ukihitaji wa tatu. Kama ni mpasuko, paka kwenye nyama ya mpira tu, ile sehemu ya katikati iliyokatika, usisambaze nje. Kisha subiri tena. Fundi viatu mmoja wa Mwanjelwa aliniwekea kiraka cha goti, na nilipotaka kukibandika alinizuia mkono: "Bado kaka, inang'aa hiyo. Ngoja ife mng'ao." Akagusa kwa mgongo wa kidole. Gundi ilivuta kidogo lakini haikubaki kwenye ngozi. Hapo ndipo alipoziunganisha pande mbili, akianzia katikati kwenda pembeni ili hewa isibaki chini, na akazigonga kwa mpini wa nyundo juu ya chuma chake. Zikishagusana huwezi kuzisogeza tena, kwa hiyo pima kwanza, weka alama kwa chaki. Halafu acha saa 24 kabla ya kuingia majini.

Poliyurethani ya tyubu, aina ya Aquaseal, ni bora kuliko zote kwa jambo moja: kufunika. Ikikauka inakuwa utando unaonyumbulika na usiopitisha maji, unaostahimili kusuguliwa na mawe. Ukishaunganisha mpasuko kwa gundi ya viatu, mstari mwembamba wa poliyurethani juu yake unaufanya udumu sana. Vivyo hivyo kwa goti lililoanza kuchakaa lakini halijatoboka. Kuitumia peke yake kuunganisha mpasuko mrefu ni kazi ngumu, maana inabaki maji maji kwa saa nyingi na lazima uzishike pande mbili zisiachane usiku kucha. Bei yake iko juu, na aghalabu utaiagiza kutoka Dar.

Solusheni ya kuzibia pancha iachie baiskeli. Itashika buti kwa safari moja, haitashika suti.

Kuhusu buti, gundi ya viatu tena, na mwambie fundi apitishe uzi kuzunguka soli. Matundu ya sindano yataingiza maji, lakini buti la kuzamia huingiza maji hata likiwa jipya. Suti usiruhusu ishonwe kutoka upande mmoja hadi wa pili kwa uzi wa viatu. Uzi mgumu hukata mpira kama waya.

Plastiki ngumu: supa gluu au epoksi

Nembo, fremu ya miwani, kasha la geji (kipimo cha hewa au kina), pete ya urembo: hivi havijikunji, na hapa mizani inageuka. Gundi ya viatu ni laini mno, kitu kitatembea. Chaguo ni kati ya supa gluu na epoksi ya tyubu mbili, ile ambayo wengi wanaiita Araldite hata ikiwa ya kampuni nyingine.

Supa gluu inashinda pale ambapo vipande viwili vinakutana barabara bila pengo, ni vikavu na havibebi uzito. Nembo ndogo iliyobanduka nzima ni kazi yake. Inashindwa pale penye pengo na pale panapogongwa, kwa sababu inavumilia kuvutwa moja kwa moja lakini haivumilii kugongwa wala kubanduliwa kutoka pembeni. Ina tabia nyingine ambayo mtu hajui hadi aione: inapokauka hutoa mvuke unaotua jirani na kuacha ukungu mweupe. Kwenye plastiki nyeusi ni doa tu. Kwenye kioo cha kompyuta ya kuzamia au cha geji, ukungu huo unaharibu usomaji. Fanya kazi penye upepo, tumia tone moja, funika kioo kwa utepe.

Epoksi inajaza pengo, inastahimili maji na inavumilia kugongwa. Kwaruza pande zote kwa msasa, futa vumbi kwa spiriti, changanya kwa kipimo kilicho sawasawa na kilichoandikwa, kisha funga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli hadi ishike. Kati ya ile ya dakika tano na ile ya polepole, chukua ya polepole. Kwa kawaida ndiyo yenye nguvu zaidi na ndiyo inayovumilia maji vizuri. Usisafishe kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Asetoni iliyomo hupasua baadhi ya plastiki ngumu kwa nyufa ndogo ndogo, na hutaziona hadi fremu ikuvunjikie mkononi.

Kwa pambo la regyuleta nina msimamo. Kama una uhakika ni pambo tu, epoksi kidogo sana, kifaa kikiwa kimelazwa uso juu, kifuniko kikiwa kimevuliwa kama kinavulika kirahisi. Tone la supa gluu ni jepesi kama maji, linapenya kwenye kila mwanya, na chini kuna kiwambo na vali ya kutolea pumzi ambayo ni jani jembamba la mpira. Jani hilo likinata au likipinda ukingo, utavuta maji pamoja na hewa. Pambo halina thamani hiyo. Kuzamia bila pambo hakuna hasara yoyote, na kama mkono wako hautulii, nakushauri uliache.

Silikoni na mapezi

Ukingo wa miwani unaogusa uso ni silikoni, na silikoni haikubali gundi. Si supa gluu, si epoksi, si ya viatu. Kinachoshika silikoni ni silikoni tu, ile ya fundi aluminiamu anayezibia madirisha, na hata hiyo kwenye ukingo mwembamba unaovutwa kila siku haidumu. Ukingo ukichanika, nunua miwani nyingine. Na uwe mwangalifu usiweke silikoni ya madirisha mahali ambapo utataka kutumia gundi nyingine baadaye, kwa sababu hubakiza utando usiokubali chochote. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, kwa hiyo iweke mbali na shaba na chuma.

Mapezi mengi yana jani la polipropilini au plastiki za familia hiyo. Gundi haizishiki, inabanduka kama ganda. Kama jani limepasuka, fundi anayeshona bampa za magari kwa moto atakusaidia kuliko gundi yoyote, mradi anatumia kijiti cha plastiki ya aina ileile. Pambo lililodondoka liache lilipo.

Jaketi la kuelea

Nembo na mifuko ya nje, shona au bandika utakavyo, mradi sindano isifike kwenye mfuko wa hewa. Tundu dogo la sindano kwenye mfuko wa hewa linazibwa kwa poliyurethani. Mpasuko wa mshono, au chochote kinachogusa vali, hicho si cha kutengenezea nyumbani.

Baada ya kuziba lazima ujaribu, na hapa baridi yetu inadanganya. Watu hujaza jaketi jioni, wanalilaza, asubuhi wanalikuta limelegea, wanasema linavuja. Hewa iliyojazwa kwenye nyuzi 25 ikishuka hadi nyuzi 8 hupungua karibu asilimia 6 bila kuvuja hata kidogo. Jaribu mchana, chumba kikiwa na joto moja, paka maji ya sabuni kwenye kiraka na utazame mapovu. Povu moja linalokua polepole linatosha kukuambia kwamba kazi haijaisha.

Julai si Januari

Gundi hizi hazikauki kwa njia moja, na ndiyo sababu msimu unageuza chaguo.

Epoksi hukomaa kwa joto. Kanuni ya mafundi ni kwamba joto likishuka nyuzi 10, muda unakuwa karibu mara mbili. Usiku wa Juni na Julai Mbeya huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na ile iliyoandikwa saa 24 ipe siku mbili au tatu. Poliyurethani, supa gluu na silikoni huhitaji unyevu wa hewani ili zikauke, na kiangazi chetu ni kikavu na cha baridi kwa pamoja, kwa hiyo poliyurethani inaweza kulala siku nzima bado inanata. Iweke ndani ya ndoo yenye kitambaa kibichi chini na mfuniko juu, na uilinde kitambaa kisiiguse.

Gundi ya viatu ni kinyume. Kiangazi inafurahia, maana kimiminika chake hutoroka haraka kwenye hewa kavu. Masika, hasa Tukuyu ambako mvua haina mwenyewe, kimiminika kikitoroka kinaupoza uso wa gundi, unyevu unatua juu yake na unaona utando mweupe hafifu. Ukiunganisha hapo, unaunganisha maji. Subiri mchana wa jua, au fanya kazi ndani ya nyumba yenye joto, na ukiona weupe acha ukauke kisha paka upya.

Usiipashe joto kwa jiko la mkaa. Nalisema kwa uzito wote, kwa sababu Julai kila nyumba ina jiko ndani na ni rahisi kusogeza suti karibu. Mvuke wa gundi ya viatu unashika moto, na mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa inayoua kimya kimya. Kwa epoksi, chupa mbili za maji ya moto chini ya blanketi pamoja na kifaa zinatosha. Kwa gundi ya viatu, dirisha wazi na jua la saa saba mchana. Jua hilo lisizidi saa chache: huku juu miale inayochoma mpira ni mikali kuliko pwani, huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000.

Kuna njia nyingine ambayo naipenda zaidi: fanya marekebisho madogo Matema kwenyewe. Anayezamia Ziwa Nyasa hapaswi kupanda Mbeya siku hiyohiyo. Naitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kutengeneza mapovu shinikizo likipungua, na kupanda hadi mita 1,700 kunafanana na kupanda ndege. Mwongozo wa wazamiaji kabla ya kupaa ni angalau saa 12 baada ya kuzama mara moja, na saa 18 baada ya kuzama mara kadhaa. Saa hizo za kusubiri ufukweni, kwenye joto la Kyela na unyevu wa ziwa, ni saa nzuri kabisa za epoksi na poliyurethani. Unalala, gundi inakomaa.

Ukiwa na fedha ya kununua chache

Kama unanunua moja, nunua gundi ya viatu iliyo nzuri, kopo dogo, kwa sababu suti na buti ndivyo vinavyoharibika mara nyingi. Ya pili iwe epoksi ya polepole. Poliyurethani iwe ya tatu, na kwa anayezamia mara mbili tatu kwa mwaka haihitajiki. Supa gluu kaa nayo kwenye mfuko wa safari kwa nembo na vitu visivyo na kazi, na usiihesabu kama dawa ya suti.

Tyubu zilizotoka Dar zifungue kwa uangalifu. Zimefungwa usawa wa bahari, na shinikizo la hewa Mbeya ni pungufu karibu moja ya tano, kwa hiyo hewa iliyomo ndani inasukuma. Utaiona tyubu imevimba mabegani. Isimamishe mdomo juu, usiikamue, toboa kwa pini na uache ipumue kabla ya kuilaza, la sivyo supa gluu itamwagika vidoleni kabla hujafika kwenye kifaa. Poliyurethani iliyofunguliwa huganda ndani ya tyubu yake kwa unyevu. Kamua hewa yote itoke, funga, itie kwenye mfuko wa plastiki kisha kwenye friza. Siku ya kuitumia itoe mapema, na usifungue kifuniko hadi ipate joto la chumba, kwa sababu umande utaingia ndani.